Kujifunza Sheria Nje ya Darasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sekondari wanaofikiria kusoma sheria, wanachuo ambao wana vitabu lakini hawajawahi kukanyaga mahakamani, wazazi wao, na watu wazima waliochoka kuambiwa "hayo waachie wanasheria". Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na swali lake liko katika sehemu ya mwisho.

## Kuanzia mahakamani

Je, naweza kuingia mahakamani kusikiliza kesi isiyonihusu?

Ndiyo. Mahakama huendeshwa hadharani, na mtu yeyote mwenye utulivu anaweza kukaa kwenye benchi la nyuma akasikiliza. Hulipi kitu na huhitaji barua. Ukiwa na kundi, kwa mfano klabu ya shule, mwalimu apeleke barua mapema kwa hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakama hiyo, kwa sababu vyumba vingi ni vidogo na wanafunzi 40 wakiingia kwa pamoja wenye kesi watakosa pa kukaa. Faida nyingine ya barua ni kwamba mara nyingi hakimu au karani atatenga muda wa kuzungumza nanyi baada ya vikao.

Milango hufungwa katika mashauri machache, hasa ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka Mahakama ya Watoto, na vikao vyake si vya watazamaji. Katika baadhi ya kesi za ukatili wa kijinsia pia hakimu anaweza kuamuru watu watoke wakati shahidi anatoa ushahidi. Ukiombwa kutoka, toka bila kuuliza.

Kuna mahakama nyingi. Nianzie ipi?

Anza na Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe. Wanafunzi wengi wa sheria hukimbilia Mahakama ya Rufani kwa sababu ndiyo inayotajwa vitabuni, wakarudi hawajaelewa kitu. Pale juu mawakili wanabishana juu ya kifungu kimoja, na mwenye shamba au mwenye mirathi yenyewe pengine hata hayupo. Kwenye Mahakama ya Mwanzo utamwona mdai akisimulia kwa Kiswahili chake jinsi alivyokopesha pesa bila karatasi, mdaiwa akikana, na hakimu akiuliza maswali yanayouchambua ukweli polepole. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu, ndoa, madai madogo, wizi mdogo na ugomvi wa majirani vinaanzia hapo.

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kwenye ngazi hiyo. Mabadiliko ya 2021 yaliwafungulia mlango pale ambapo kikao kinaongozwa na hakimu mkazi, lakini hadi leo watu wengi hujisemea wenyewe. Kwa anayejifunza hiyo ni bahati kubwa: unasikia ugomvi kabla haujageuzwa kuwa lugha ya kisheria.

Ukishazoea, panda ngazi: Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani, iliyoundwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika na mahakama yake ya rufani kwenda nayo. Palipo na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kama Arusha, Dodoma au Mwanza, utakuta ngazi kadhaa ndani ya jengo moja na unaweza kuzilinganisha kwa siku moja.

Nikifika nifanye nini, na nisifanye nini?

Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Tafuta orodha ya mashauri ya siku kwenye ubao wa matangazo, au muulize karani kwa upole kesi ipi inasikilizwa leo na ipi inatajwa tu. Vaa nguo za heshima, vua kofia, zima simu. Karani akiita "Kooorti!" simama, na kaa baada ya hakimu kukaa. Ukitoka katikati ya kikao, inamisha kichwa kidogo kuelekea mezani kwa hakimu kisha uondoke taratibu.

Usirekodi wala kupiga picha bila ruhusa. Usizungumze na shahidi anayesubiri nje, hata kumfariji. Shahidi anayesubiri hatakiwi kujua wenzake wamesema nini ndani, na neno lako moja linaweza kuharibu ushahidi wake. Daftari na kalamu vinatosha.

Nimekaa asubuhi nzima na kesi zote zimeahirishwa. Nimepoteza muda?

Hapana, ingawa inakatisha tamaa. Andika sababu ya kila ahirisho. "Upelelezi haujakamilika" utaisikia mara nyingi. Nyingine: shahidi hakufika, mshtakiwa hakuletwa kutoka mahabusu, wakili yuko Mahakama Kuu, jalada halijapatikana. Baada ya siku chache daftari lako litakuonyesha ni wapi haki inakwama. Utajua pia tofauti ya kutajwa na kusikilizwa, maana ya maelezo ya awali, na jinsi mdhamini anavyohojiwa kabla dhamana haijakubaliwa. Mambo hayo huwasumbua wahitimu wengi siku yao ya kwanza kazini.

## Kusoma mwenyewe

Sheria na hukumu zinapatikana wapi bila malipo?

Pa kuanzia ni TanzLII, maktaba ya mtandaoni yenye hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu pamoja na sheria zilizotungwa. Wakenya wana Kenya Law, na Waganda wana ULII.

Jihadhari na jambo moja. Toleo la Urekebu la sheria la mwaka 2023 lilianza kutumika 1 Julai 2025, na katika sheria kadhaa namba za vifungu zimehama. Hukumu ya zamani ikitaja kifungu fulani, usikifungue kwenye toleo jipya ukadhani ndicho kilekile. Soma maneno yake, usitegemee namba.

Hukumu ni ndefu na ngumu. Naisomaje?

Chukua moja inayoeleweka uisome mara mbili. Mimi huwapa wanaoanza kesi ya Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Holaria, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mauzo ni batili, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye, Mahakama ya Wilaya ikatengua, na Mahakama Kuu ikasema Katiba inakataza ubaguzi, hivyo mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyonayo mwanamume.

Katika usomaji wa kwanza fuata watu tu: nani alimfanyia nini nani. Katika wa pili tafuta mambo manne, yaani swali ambalo mahakama ilitakiwa kulijibu, sheria iliyotumika, jibu, na sababu ya jibu hilo. Sababu ndiyo inayobaki na kuzifunga kesi za baadaye, kwa hiyo iandike kwa maneno yako mwenyewe. Ukishindwa kuieleza kwa dada yako jikoni, bado hujaielewa.

Kisha endelea na kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Oktoba 2019. Linganisha hoja za Serikali katika ngazi hizo mbili, kisha ufuatilie kilichotokea bungeni baada ya hapo. Hayo tu yanatosha kwa mjadala wa klabu wa muhula mzima.

Kiingereza changu si kizuri. Sheria itanishinda?

Mabadiliko ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi za ngazi za juu, vitabu na mitihani ya chuo bado ni vya Kiingereza. Kwa hiyo utahitaji vyote viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Wakili anayeandika Kiingereza safi lakini hawezi kumhoji shahidi wa kijijini kwa Kiswahili kinachoeleweka ana upungufu mkubwa vilevile.

Zoezi ninaloliamini: soma ukurasa mmoja wa hukumu kila siku, kisha uandike aya moja ya Kiswahili inayoeleza ukurasa huo. Usitafsiri neno kwa neno, eleza. Lugha zote mbili zitakua kwa pamoja.

Bunge nalo lina cha kunifunza?

Lina mengi, na wanaojifunza sheria hulisahau. Chukua muswada mmoja, usome madhumuni na sababu zake zilizoandikwa mwishoni, ufuatilie mjadala katika taarifa rasmi za Bunge, halafu ulinganishe na sheria iliyotoka. Ukiwa Dodoma wakati wa vikao unaweza kuomba nafasi katika jukwaa la wageni.

## Kukutana na kazi yenyewe

Wiki ya Sheria ni nini, na inanifaa?

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Februari, Mahakama hufanya Wiki ya Sheria na kuhitimisha kwa Siku ya Sheria, inayofungua rasmi mwaka wa kimahakama. Mikoani huwa na mabanda ya mahakama, waendesha mashtaka, mawakili, RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi na wengine, wote wakitoa elimu bure.

Nenda na maswali yaliyoandikwa. "Kazi yenu ni nini?" itakupatia kipeperushi. "Shauri la mirathi likiwa na wosia unaopingwa, hatua ya kwanza ni ipi?" itakupatia nusu saa ya mazungumzo.

Naweza kujitolea wapi?

Mashirika ya msaada wa kisheria ndiyo yanayofundisha zaidi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, yamefanya kazi hii kwa miongo kadhaa, na vitivo vingi vya sheria vina kamati au kliniki zao. Tangu 2023 kumekuwepo pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, inayopeleka wataalamu hadi kwenye kata.

Utaanza kwa kupokea wateja na kuandika maelezo yao, na usiidharau kazi hiyo. Mama anayekuja kuulizia "barua ya kiwanja" anaweza kuwa na matatizo matatu ndani yake, la ndoa, la mirathi na la mpaka, na hatayataja kwa mpangilio. Kumsikiliza bila kumkatiza hadi ujue lipi ni la kwanza ni ujuzi ambao hakuna mhadhara unaoutoa. Siri zake hazitoki nje ya chumba hicho, hata kwa kumsimulia rafiki bila kutaja jina.

Mashindano ya mahakama ya mfano yana maana yoyote kwa asiye na kipaji cha kuongea?

Yana maana hasa kwake. Ni mashindano ambayo wanafunzi hubishana kesi ya kubuni mbele ya majaji. Sehemu kubwa ya alama hutokana na hoja zilizoandikwa, na anayesimama hushinda kwa kujibu maswali ya majaji. Sauti kubwa haimsaidii. Shindano la Afrika la haki za binadamu linaloandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria limekuwepo tangu 1992 na vyuo vyetu hushiriki. Kama chuo chako hakina timu, wanafunzi wanne na mhadhiri mmoja mwenye moyo mnatosha kuanza.

Niko fildi na kazi yangu ni kutoa fotokopi tu. Nifanyeje?

Soma unachokitoa fotokopi. Kila jalada lina hati ya madai, majibu, viapo na amri za mahakama, na kwa kulisoma kuanzia mwanzo unaona shauri lilivyokua. Kisha mwambie msimamizi wako: "Mzee, naomba nijaribu kuandika rasimu ya kiapo hiki, uikosoe ukipata nafasi." Wengi watakubali, maana rasimu mbovu ni rahisi kurekebisha kuliko kuanza na karatasi tupu. Omba pia kufuatana naye mahakamani na kumbebea majalada. Na kama ofisi inakutuma chai tangu asubuhi hadi jioni, mweleze msimamizi wako wa chuo mapema, usisubiri wiki ya mwisho.

## Kazi na njia zake

Hatua za kuwa wakili ni zipi?

Kwanza shahada ya sheria, miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Tahasusi kama HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) ni za kawaida kwa wanaoingia, lakini sifa kamili zisome katika mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika. Kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, ambako unasoma stashahada ya uzamili kwa takriban mwaka mmoja pamoja na mafunzo mahakamani na ofisini. Ukifaulu unapeleka maombi ya kuandikishwa, Baraza la Elimu ya Sheria linakuhoji, na hatimaye unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lako linaingia katika orodha ya mawakili.

Kwa nini watu wengi hufeli pale Taasisi?

Mwaka 2022 matokeo yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioondolewa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na mjadala uligusa vyuo, ufundishaji, lugha na Taasisi yenyewe.

Mtazamo wangu ni kwamba wengi wanafika Taasisi hawajawahi kuiona hati ya madai halisi. Pale wanatakiwa kuiandika, kupanga ushahidi na kuandaa maswali ya kumhoji shahidi, na mwaka mmoja hautoshi kuanza yote hayo upya. Aliyetumia likizo zake kama ilivyoelezwa katika sehemu tatu za juu anafika akiwa anaujua mwonekano wa jalada na mwendo wa kesi.

Na hakimu au jaji?

Hakimu huajiriwa kwa ushindani akiwa na shahada na mafunzo ya Taasisi. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais, na Katiba inataka awe amekuwa na sifa za kitaaluma zilizotajwa humo kwa muda usiopungua miaka 10.

Sitaki kusimama mahakamani. Sheria ina kazi nyingine?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Waandishi wa sheria hutunga maneno ya miswada, maofisa sheria wako kwenye halmashauri na benki, makatibu wa kampuni, wasuluhishi wa migogoro ya kazi, watumishi wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) na RITA, watafiti, wahadhiri, waandishi wa habari za mahakamani. Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu kuanzia 2007 hadi 2010, alikuwa pia brigedia jeshini, na baadaye akawa kasisi na rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha.

Ukiwa Arusha, uliza ratiba ya mahakama hiyo na ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Kusikiliza nchi ikijitetea kama mdaiwa wa kawaida hubadilisha fikra za mwanafunzi.

Sina shahada na sitegemei kuipata karibuni. Kuna nafasi?

Ipo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hutoa astashahada na stashahada ya sheria, na ndicho kinachofundisha madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka. Makarani nao wana ajira yao. Njia nyingine ni msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huyu hupata mafunzo, huelimisha na kuelekeza watu katika jamii yake, lakini hatozi malipo wala hasimami mahakamani kama wakili. Katika vijiji vingi yeye ndiye mtu wa kwanza kufikiwa, na namheshimu kama ninavyomheshimu wakili yeyote.

## Hali za pekee

Niko mwaka wa pili chuoni. Jirani anataka nimwandikie hati ya madai na atanilipa. Nikubali?

Usikubali. Kuandaa nyaraka za namna hiyo kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, na hati mbovu inaweza kumgharimu haki yake. Unaweza kumsaidia kupanga matukio kwa tarehe, kukusanya vielelezo, na kumpeleka kwenye msaada wa kisheria. Kama mgogoro ni wa ardhi, mweleze kwamba tangu 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu. Likishindwa kupatanisha, shauri huamuliwa kuanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nataka kujifunza kwa wakili fulani. Nitajuaje si kishoka?

Tafuta jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha kama ameandikishwa na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka huu. Mhuri, suti na ofisi iliyo jirani na mahakama havithibitishi chochote.

Zanzibar mambo ni tofauti?

Ndiyo. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, Mahakama za Kadhi, orodha yake ya mawakili na chama chake. Ina pia mavakili, wanaoruhusiwa kufanya kazi katika mahakama za chini. Mahakama ya Rufani ni ya Muungano, lakini haigusi tafsiri ya Katiba ya Zanzibar wala mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Ushauri wa kuanza na mahakama ya chini na kusikiliza uko palepale.

Nina miaka 45. Nimechelewa?

Hujachelewa. Chuo Kikuu Huria kina wanafunzi wengi wanaosoma sheria huku wakifanya kazi. Muuguzi, mwalimu au ofisa ardhi anakuja na maarifa ambayo kijana wa miaka 20 hana, na kesi za uzembe wa matibabu, za ajira na za viwanja zinayahitaji maarifa hayo.

Nimesoma sheria Kenya, Uingereza au kwingineko. Naweza kufanya kazi ya uwakili Tanzania?

Shahada yako itambuliwe kwanza na TCU, kisha upite Taasisi na hatua zilizotajwa katika swali la kuwa wakili. Upungufu wa wengi wanaorudi unakuwa kwenye sheria za hapa: ardhi, ndoa, sheria za mila, utaratibu wa mahakama za chini. Wakati ukisubiri barua ya TCU, nenda kakae Mahakama ya Mwanzo.